Januari Ina Tarehe: Vidokezo 11 vya Kuvuka Miezi Migumu

Vyuma vimekaza. Kauli hiyo utaisikia kuanzia Mbagala Zakhem hadi Tandale mara tu sikukuu zikiisha, na anayeisema hatanii. Wiki mbili za kwanza za Januari shule zinafunguliwa, kodi ya miezi sita inaisha, na Mangi wa dukani anafungua daftari la madeni. Aliyelipwa mshahara wa Desemba mapema ili ale Krismasi anagundua kwamba kutoka tarehe 20 hadi tarehe 25 ya mwezi unaofuata kuna siku 36. Kabla hujapumua, mawingu ya masika yametanda, na wenye kazi za nje, yaani saidia fundi, bodaboda na mama lishe wa kibandani, wanaanza kuhesabu siku zisizo na mauzo.

Jambo moja linanipa matumaini: karibu kila pigo la miezi hii lina tarehe yake. Shule hazifunguliwi kwa kushtukiza, mkataba wa nyumba una siku ya kwisha, na mvua ina majira. Kinachotuumiza mara nyingi ni kwamba pesa inaingia mwezi wa 12, madai yanabisha hodi mwezi wa 1. Kipato kikiwa kidogo, hakuna kidokezo kitakachokizidisha, na sitamdanganya mtu kwa hilo. Lakini siku ya kupokea na siku ya kulipa, hizo zinasogezeka, na vidokezo vingi hapa chini vinahusu kuzisogeza.

1. Andika mwaka wako ukutani

Chukua kalenda yoyote ya ukutani na kalamu nyekundu. Zungushia siku ya kodi, wiki ya kufungua shule Januari na ile ya Julai, miezi ya masika kuanzia Machi hadi Mei, na sikukuu zenu. Pembeni ya kila duara andika kiasi, hata kama ni cha kukadiria. Familia nyingi zinajua matumizi ya leo na ya kesho, ila hazijawahi kuuona mwaka mzima kwa pamoja. Ukiuona, utagundua mara moja ni miezi ipi imebebeshwa mizigo mitatu na ipi haina hata mmoja.

Kwa familia za Kiislamu kuna jambo la kuangaliwa mapema. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, hivyo Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka. Ya 2026 iliangukia katikati ya Februari, ya 2027 inatarajiwa mapema Februari, na ya 2028 mwishoni mwa Januari, kutegemea mwandamo wa mwezi. Maana yake ni kwamba futari, mihogo, magimbi, tende na nguo za Idi vinasogea kukaa meza moja na sare za shule. Anayeanza kuweka akiba ya futari mwezi wa Novemba hajachelewa, lakini anayesubiri mwezi wa Shaabani atakuta Januari imeshamkausha.

2. Vunjeni kikoba Januari, msivunje Desemba

Kama ningeruhusiwa kidokezo kimoja tu, ningechagua hiki.

Vikoba na vikundi vya hisa vimeenea kila mtaa wa Temeke na Kinondoni. Utaratibu wake, wa watu wachache kununua hisa kila wiki, kukopeshana na kugawana mwisho wa mzunguko, ulisambaa Afrika kutokana na vikundi vya wanawake wa Niger vilivyoanzishwa mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE. Huku kwetu tumeupokea, tukauongezea mfuko wa jamii na faini za kuchelewa, na umewajengea watu wengi nyumba. Lakini tumejiwekea mazoea kwamba kikundi kinavunjwa kati ya tarehe 10 na 20 Desemba. Jasho la wiki 50 linakabidhiwa kwa mtu wakati muziki umepandishwa sauti, Kariakoo imefurika, watoto wanataka viatu vya sikukuu na mabasi ya mkoani yanajaa. Wiki tatu baadaye mama yuleyule aliyegawiwa laki sita anakopa elfu hamsini ya madaftari, kwa riba.

Tarehe ya kuvunja haikuandikwa mbinguni. Iko kwenye katiba ya kikundi, na katiba inabadilishwa kwa kura. Pelekeni hoja kwenye kikao mapema, mwezi wa Juni au Julai, wakati hakuna aliyeishika pesa akilini. Wapo watakaokataa kwa sababu ya kwenda kuwaona wazazi mkoani, na sababu hiyo ina uzito wake. Basi gaweni mara mbili: theluthi moja kabla ya Krismasi, theluthi mbili wiki moja kabla ya shule kufunguliwa. Vikundi vingine vinakwenda mbele zaidi. Sehemu ya mgawo wanaitoa kwa mchele, sukari, unga na mafuta ya kula vilivyonunuliwa kwa jumla, kila mwanachama anarudi nyumbani na chakula cha mwezi. Mchele ukiwa ndani ya ndoo hauwezi kuchangishwa harusi.

Kwa wale wa mchezo, au upatu, jambo ni hilohilo. Msipange zamu kwa kura tu. Mwenye watoto wa shule apewe Januari, mshonaji apewe mwezi anaohitaji kununua vitambaa, mwenye kodi ya Julai apewe Juni. Kila mtu anapata kiasi kilekile, ila kinamfikia wakati wa shida yake.

Na pesa isilale chini ya godoro la mweka hazina. Ni mzigo mzito kwa mwanamke mmoja kulala na milioni kumi za wenzake. Tangu 2019 kuna M-Koba, ambapo pesa ya kikundi inakaa kwenye simu na kutoka kwake kunahitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja. Benki nazo zina akaunti za vikundi zenye watia saini watatu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vikundi hivi kama daraja la nne, na usajili unafanyika halmashauri. Kikundi kilichosajiliwa kina pa kushtakia mweka hazina akitoroka.

3. Hamisha siku ya kodi

Mikataba mingi ya vyumba ni ya miezi sita, mingine ya mwaka. Ukiingia nyumba Januari, utalipa Januari na Julai, miezi ileile ambayo shule zinafunguliwa. Wengi wanabaki hapo miaka mitano bila kufikiri kwamba mzunguko huo unaweza kubadilika.

Zungumza na baba mwenye nyumba au mama mwenye nyumba miezi miwili kabla ya mkataba kuisha. Mweleze hivi: safari hii nilipe miezi mitatu tu, halafu tuendelee na sita kama kawaida. Kodi yako inahamia Aprili na Oktoba. Kama masika inakubana, sogeza mbele zaidi au nyuma zaidi, kila mtu anajua mwezi wake mzuri. Mwenye nyumba hapotezi chochote, na mpangaji anayekuja mapema na pendekezo lililonyooka husikilizwa kuliko anayekuja siku ya mwisho na machozi. Mkikubaliana, andikeni kwenye karatasi na mtie saini wote wawili. Mkataba ukiwa hauna maandishi, hata nia njema husahaulika.

Pesa yenyewe itatoka wapi? Chumba cha elfu 50 kwa mwezi ni laki tatu kwa miezi sita, sawa na shilingi 1,667 kwa siku. Laki tatu inaogopesha. Elfu moja na mia saba kila jioni bado ni ngumu kwa wengi, ila haiogopeshi kiasi hicho. Kibubu cha mbao kisicho na mlango bado kinafanya kazi kwa anayelipwa kila siku, kwa sababu kinakulazimisha ukipasue ndipo utoe. Mwenye nidhamu na simu anaweza kutumia akaunti ya akiba ya mtandao wake.

Na jingine kuhusu nyumba: usihame Januari. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, bado kirikuu cha kubebea vitu, bado kufuli na pazia. Kama chumba kinavumilika, kivumilie hadi kipindi chenye nafuu.

4. Sare inunuliwe Oktoba

Mitihani ya darasa la saba inafanyika Septemba na waliochaguliwa kidato cha kwanza wanatangazwa kabla mwaka haujaisha. Anayepanda darasa la nne, la tano au kidato cha pili unamjua tangu Januari iliyopita. Basi kitambaa cha sare kisinunuliwe siku ambayo mji mzima uko Kariakoo unagombania kitambaa hichohicho. Oktoba na Novemba fundi cherehani wa mtaani ana nafasi, anakupimia kwa utulivu, na anakubali malipo kidogo kidogo. Mwambie aache pindo pana chini ya suruali na sketi, sentimita sita au saba. Mwaka unaofuata linafumuliwa na sare inarefuka.

Kuna hazina nyingine ambayo tumeiachia: sare zilizobana. Sweta la shule ya msingi halimalizwi na mtoto mmoja. Akina mama wa mtaa mmoja wakikutana jioni moja ya Desemba, kila mmoja akaleta alichonacho, sketi, sweta, begi, kamusi, watoto kumi wanaweza kwenda shule bila wazazi kununua nusu ya vitu. Hakuna aibu katika hilo.

Shule za serikali hazina ada kuanzia Januari 2016 hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hata kidato cha tano na sita. Michango ya lazima Rais Magufuli aliipiga marufuku Januari 2018. Wazazi wanaweza kukubaliana kuchangia chakula au mlinzi kwa utaratibu uliowekwa, lakini mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hajatoa. Akirudishwa, nenda kwanza kwa mwalimu mkuu ukiwa mtulivu. Usiposikilizwa, panda kwa afisa elimu kata. Uliza michango hiyo ilipitishwa na kikao gani.

Kwa watoto wa shule binafsi, mtafute mhasibu Desemba, kabla ya kufunga. Shule nyingi zinakubali ada kwa awamu nne, na nyingine zitakubali hata zaidi ukitaja tarehe na kiasi, kisha ukaanza na chochote mkononi. Chukua makubaliano kwa maandishi.

Usisahau nauli. Mwanafunzi analipa shilingi 200 kwenye daladala. Watoto wawili, kwenda na kurudi, siku 22 za masomo, ni 17,600 kwa mwezi, na kama wanapanda magari mawili ni mara mbili yake. Ni pesa inayotoka kimyakimya, ndiyo maana wengi hawaiandiki.

5. Unga wa Februari ununuliwe Agosti

Mahindi ya Rukwa, Ruvuma, Iringa na Mbeya yanavunwa kati ya Mei na Julai. Agosti yamejaa maghala ya Tandale na Manzese, na bei huwa imeshuka. Kuanzia Januari hadi mavuno mapya huwa inapanda. Sisi wanunuzi wa kilo moja moja tunapigwa na pande zote mbili: tunanunua wakati wa bei kubwa, tena kwa kipimo kidogo.

Familia ya watu watano inayokula kilo moja na nusu ya dona kwa siku inamaliza gunia la kilo 100 kwa muda wa miezi miwili hivi. Magunia mawili yaliyonunuliwa Agosti na kufungwa hadi Januari yanakuvusha mpaka Mei. Wadudu? Kuna mifuko ya kuhifadhia nafaka yenye matabaka matatu: mawili ya nailoni ndani na moja la kusukwa nje. Ukikaza vizuri, hewa haiingii na dumuzi anakufa bila dawa yoyote. Mahindi lazima yawe makavu kabisa kabla ya kufungwa, la sivyo yataota ukungu. Ukimwaga punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu na kutikisa, chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi.

Saga debe moja tu kwa wakati. Dona lina mafuta ya kiini na halikai muda mrefu bila kuchacha.

Chumba kimoja chenye kitanda, kabati na watoto watatu hakina pa kuweka magunia mawili, najua. Nunueni gunia moja kaya mbili au tatu, mkagawana kwa debe. Mwenye chumba kikavu atunze, wengine walipie usagaji.

6. Isome risiti ya LUKU

TANESCO ina bei ya chini kwa nyumba inayotumia umeme kidogo: shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, kwa uniti 75 za kwanza katika mwezi. Zikizidi, kila uniti ya ziada ni 350. Wateja wa kawaida wasio kwenye kundi hilo wanalipa 292 kwa uniti. Tofauti hii ni kubwa mno kuipuuza.

Wanaoumia zaidi ni wapangaji wanaochangia mita moja. Kaya nne zinazotumia uniti 30 kila moja zinatumia 120 kwa jumla, kwa hiyo nyumba nzima haistahili bei ya chini, ingawa kila kaya peke yake ni mtumiaji mdogo. Uniti 30 kwa bei ya chini ni shilingi 3,000. Kwa ile ya 292 ni 8,760. Wapangaji wakimwendea mwenye nyumba kwa pamoja na hesabu hiyo wakiomba mita ya pili, wanakuwa na hoja.

Kuna kodi ya jengo pia. Tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, na tangu 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, yaani 18,000 kwa mwaka. Kodi hii ni ya mwenye jengo. Mpangaji anayenunua umeme anaitoa kwa niaba yake, na ana haki ya kuomba ipunguzwe kwenye kodi ya chumba. Tunza risiti za mwaka mzima uje nazo siku ya kulipa kodi.

7. Jikoni, kwa ufupi

Loweka maharage usiku kucha na uchemshe ya siku tatu kwa mara moja. Mkaa wa kopo ni ghali kuliko wa gunia, na gunia linagawanyika kati ya majirani kama mahindi yalivyogawanyika. Mwenye umeme wa bei ya chini afikirie jiko la presha la umeme: maharage yanaiva kwa chini ya uniti moja. Dagaa wa Mwanza walionunuliwa kwa wingi na kuanikwa vizuri wanakaa wiki nyingi. Mchicha, matembele na kisamvu havijawahi kuwa chakula cha kuonea haya, na vinamea hata kwenye kiroba kilichojazwa udongo pembeni ya mlango.

8. Kausha damu: fanya hesabu kabla hujatia saini

Ninaandika sehemu hii kwa uchungu, kwa sababu ninajua makochi, friji na televisheni ngapi zimebebwa mchana kweupe mbele ya watoto.

Mkopo wa kausha damu unakuja na maneno matamu. Hakuna dhamana kubwa, pesa unapewa leo, marejesho ni ya wiki. Tuseme unachukua laki mbili na kurudisha elfu 65 kila wiki kwa wiki nne. Hiyo ni 260,000. Riba ni elfu 60 kwa mwezi mmoja, asilimia 30. Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili. Kwa laki mbili, hiyo ni shilingi 7,000. Ona umbali kati ya 7,000 na 60,000. Tena marejesho ya wiki ya kwanza huwa yanatoka kwenye mkopo wenyewe, kwa hiyo hukuwahi kuitumia laki mbili yote.

Kabla ya kutia saini uliza mambo manne. Leseni ya Benki Kuu iko wapi? Nitarudisha jumla ya shilingi ngapi, siyo kwa wiki, kwa jumla? Ada ya fomu na ya bima ni kiasi gani, na inakatwa kabla au baada? Nikichelewa siku moja nini kinatokea? Anayekasirishwa na maswali haya, usikope kwake. Anayetaka abaki na kadi yako ya benki na namba ya siri, ondoka hapo hapo.

Mikopo ya programu za simu nayo imeleta majeraha yake. Unachelewa siku mbili, na ujumbe unatumwa kwa bosi wako, mama mkwe wako na mwalimu wa mtoto wako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Usiruhusu programu yoyote isome majina yaliyo kwenye simu yako. Kama umeshadhalilishwa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iko upande wako, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko.

Na kama tayari uko ndani? Acha kukopa kwa Juma ili umlipe Hawa. Orodhesha madeni yote, mweleze mwenzi wako ukweli wote leo, kisha uza kitu kimoja kwa bei yako mwenyewe kabla hakijachukuliwa kwa bei yao. Lipa kwanza lenye riba kubwa. SACCOS ya kazini au kikoba chako kinaweza kukubali kulibeba deni hilo kwa riba ya kibinadamu. Wanawake wengi wamebeba siri hii peke yao hadi wakakimbia nyumba zao. Deni linasemeka, na likisemwa linapata watu wa kulibeba.

9. Taja kiwango chako cha michango mapema

Kadi za harusi, kitchen party na send-off zinarundikana Novemba na Desemba, na nyingine kabla ya Ramadhani. Hatuwezi kujitenga, anayechanga leo ndiye atakayechangiwa kesho. Lakini unaweza kupanga mwanzoni mwa mwaka kwamba mfuko wa michango ni kiasi fulani kwa mwezi, ukiisha umeisha. Mwambie mwenyekiti wa kamati mapema: "Kaka, mimi nitatoa elfu ishirini, na siku ya shughuli nitakuja kuhudumia." Kamati inaheshimu ahadi ndogo inayotimizwa. Inayowasumbua ni ile ya laki moja isiyopokea simu.

Msiba wa jirani uwe na fungu lake, usichanganywe na harusi.

10. Masika ijadiliwe Februari

Kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni anajua kwamba mvua ya siku tatu haipunguzi hesabu hiyo. Basi mkae Februari, jua likiwaka. Pendekeza hesabu ndogo kwa siku za mvua kubwa, na utoe zaidi siku za kawaida za Juni, kuliko kufika Aprili ukiwa na deni la wiki mbili na pikipiki kunyang'anywa. Saidia fundi naye aulize mapema kazi za ndani: kupaka rangi, vigae, dari. Mama lishe mwenye turubai linalovuja alibadilishe kabla ya Machi, na aongeze uji na chai ya tangawizi asubuhi, kwa kuwa wateja wa mvua wanataka cha moto.

Walio karibu na Mto Msimbazi, Mto Mzinga au bonde lolote, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule na mkataba wa nyumba viwekwe kwenye mfuko wa nailoni, juu kabisa ya kabati, au vitunzwe kwa ndugu anayeishi mlimani. Kutafuta cheti kipya kunakula nauli na siku za kazi. Lala ndani ya chandarua, na homa ikianza mpeleke mtoto akapimwe malaria siku hiyohiyo. Ugonjwa uliocheleweshwa siku nne ndio unaokomba akiba ya miezi minne.

11. Mikopo ya halmashauri: anza sasa

Kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa 2024. Kinondoni na Temeke ni kati ya manispaa zenye mapato makubwa nchini, kwa hiyo fungu lao si dogo.

Pesa hii haitolewi kwa mtu mwenye shida ya Januari aliyekuja Januari. Inahitaji kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya benki, andiko la biashara na ukaguzi, na hayo yanachukua miezi. Mahali pa kuanzia ni ofisi ya kata, kwa afisa maendeleo ya jamii. Nendeni wawili au watatu asubuhi ya siku ya kazi, mkiwa na vitambulisho vya NIDA na wazo moja la biashara mnayoifahamu tayari, kama kushona sare, kusaga unga au kuuza dagaa. Ulizeni dirisha la maombi linafunguliwa lini, fomu zinapatikana wapi, na ni vikundi gani vya mtaa wenu vilishapata ili mkaongee navyo. Kisha rudini kwenye ile kalenda ya ukutani mkaizungushie siku hiyo duara.